Sauti Yangu Iliyobaki Kazini

Ukipiga simu leo katika hoteli moja ya ufukweni, kusini kidogo ya mji wa Malindi, nitakupokea mimi. Nitakuamkia, nitakuuliza umeshindaje, nitakupa pole ya safari hata kama hujasafiri, kisha ndipo nikutafutie chumba kinachoelekea bahari. Nitafanya hivyo wakati wowote utakaopiga, wala sitachoka. Ila mimi mwenyewe sipo huko. Mimi nipo Mtwapa, nyuma ya kaunta ya duka la dawa, nafungia watu vidonge vya kichwa.

Nikiwasimulia watu, hucheka. Mwenzangu mmoja wa dukani hata aliipiga ile namba mbele yangu, akatia spika, akawa ananitazama mdomo huku akinisikiliza simuni, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nilimwacha acheke. Lakini katika habari hii mna jambo moja lisilonichekesha hata kidogo. Linamhusu mama yangu, na ndilo lililonikalisha nikaandika.

Nilikuwa opareta wa simu wa hoteli hiyo tangu usichana wangu. Chumba changu kilikuwa nyuma ya mapokezi, hakina dirisha, mna swichibodi ya kuunganishia simu, kiti na feni iliyokuwa ikilalamika. Wageni hawakunijua uso, walinijua sauti. Walikuwepo waliorudi kila mwaka kutoka mbali, na wakifika mapokezi jambo la kwanza ni kuuliza yuko wapi yule wa kwenye simu. Nilipenda hivyo, siwezi kusema uongo. Mimi si mtu wa kupendeza usoni, lakini Kiswahili changu nilikinyonya kwa mama, na mama ni mtu wa pwani hasa, asiyekata neno wala kulitafuna.

Simu za mkononi zilikuwa marufuku kazini, tuliziacha kabatini asubuhi tukazichukua tukitoka. Kwa hiyo mama alipotaka kunisikia, alipiga namba ya hoteli. Alikuwa akikaa Gede, katika nyumba ya mawe aliyoachiwa na babake, karibu na njia iendayo kwenye magofu. Simu yake ilikuwa ile ndogo tuiitayo mulika mwizi, nami nilimtilia namba ya hoteli kwenye kitufe kimoja, akikibonyeza na kukishikilia ananipata. Alinipigia kila siku baada ya sala ya alasiri, wakati wageni wamelala au wako majini na swichibodi imetulia.

Mazungumzo yetu hayakuwa na kitu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, umeshindaje?" Nimeshinda salama, na wewe je, na magoti je, na yule kuku aliyeatamia je. Mwisho alisema maneno yale yale: "Haya, nakuacha ufanye kazi ya watu." Hapo nilingoja. Kwetu mdogo hamkatii simu mkubwa wake, ni sawa na kumpa mtu mgongo hajamaliza kusema. Mama naye hakuwa mwepesi wa kukata, alikitafuta kile kitufe chekundu kwa kidole gumba huku akijinong'oneza, nami nasikia pumzi zake na jogoo wa jirani, mpaka simu izimike.

Mimi ni mwanawe wa pekee, na kwake nilikuwa nangojea kitu kimoja tu. Nilikuwa nangojea radhi zake. Wapo wazazi wanaozitoa kila sikukuu kama halua, wakazigawa kwa watoto wao wote na wa jirani. Mama hakuwa hivyo. Yeye alizipata kwa bibi mara moja tu, bibi akiwa kitandani, mikono yake ndani ya mikono ya bibi, na akaniambia neno hilo humwingia mtu mwilini akatembea nalo maisha yake yote. Kila nilipomwomba zangu alinijibu, "Zako nimekuwekea. Siku yake ikifika utapewa." Nilizitaka kuliko ile nyumba ya mawe, kuliko chochote alichokuwa nacho. Mtu asiye na mume wala mtoto, akikosa radhi za mamake, amebaki na nini?

Sasa nieleze ya hotelini. Meneja wetu alikuwa mtu wa bara, na si mtu mbaya. Heri angekuwa mbaya, ningemchukia kwa raha zangu. Alipenda sana kuzungumza habari za siku zijazo. Kwanza ilikuja mashine ya kukata nyasi, ikitambaa yenyewe bustanini mchana kutwa kama kobe, na yule mzee aliyekuwa akikata nyasi akapewa mkono wa kwaheri. Kisha ikaja ya kusugua bwawa, ikawa inazunguka chini ya maji wakati watu wanaogelea juu yake. Milango ikaanza kufunguka kwa simu za wageni. Kila kilipoingia kitu, alitoka mtu, na njia za hoteli zikazidi kuwa safi na kuzidi kuwa kimya. Siku nyingine nilitoka chumbani kwangu kwenda kunywa maji, nikapita kufuliwako nguo, jikoni na uani, nisikutane na mtu wa kumwambia sabalkheri.

"Mashine zitafanya kazi," meneja aliniambia siku moja, "watu watapumzika."

"Na wakishapumzika?" nikamuuliza.

Akasema hilo nalo wataalamu wanalifikiria.

Ndipo ikaja zamu yangu. Aliletwa mhandisi kutoka Nairobi, mwanamke mpole, mwenye miwani, na vyombo vya kunasia sauti. Waliziba kuta za chumba kimoja kwa magodoro, nikaketi ndani, nikaambiwa nisome. Sentensi zenyewe zilinichefua. "Habari! Naweza kukusaidia vipi?" Nikaweka karatasi chini. Nikamwambia dada, huku si kupokea simu, huku ni kumparamia mtu. Kwetu humuulizi mtu shida yake kabla hujamuuliza hali yake. Unamwamkia. Akiwa mkubwa unampa shikamoo yake. Unamuuliza ameshindaje, anakujibu, anakuuliza nawe, unamjibu, na hapo ndipo shida inapopata mahali pa kukaa.

Nilidhani atakasirika. Kumbe alifurahi, akasema hilo ndilo lililomleta pwani. Basi nami kwa kiburi changu cha lugha nikafundisha. Nilifundisha kusema "ehe" kidogo kidogo ili msemaji ajue upo. Nilifundisha kutoa pole kabla ya kujua ya nini. Nilifundisha kunyamaza mzee anapotafuta neno, usimtafutie. Kwamba mwanamke mzima ni mama, hata kama humjui kwao. Kwamba mtu akikwambia leo goti lamuuma, kesho umuulize goti, ukinyamaza ni kama jana hamkuwahi kusemezana. Na kwamba mkubwa hakatiwi simu, ungoje akate yeye. Mhandisi aliandika yote. Tulikaa mle ndani siku nyingi, tukizungumza ya dunia na akhera, naye ananasa.

Siku ya kujaribu, walinipa simu nizungumze nayo. Nilisikia sauti yangu ikinambia, "Ahlan, karibu. Umeshindaje leo? Naona umechoka." Sijapata kuyasema maneno yale kwa mpango ule, katika zile sentensi zote nilizosoma. Lakini ninavyojijua, hivyo ndivyo ningeyasema. Kabla ya neno "haya" niliisikia ikivuta pumzi kidogo, na pale ndipo nilipojua kwamba mimi huvuta pumzi kabla ya kusema haya. Meneja na mhandisi walipiga makofi.

Baada ya hapo nilipumzishwa. Hilo ndilo neno alilotumia meneja, na alinisindikiza mpaka getini.

Nilimweleza mama yote, wazi kabisa, nikiwa nimeketi naye ubavuni. Nikamwambia kazi ya hotelini imekwisha, sasa naenda Mtwapa, na namba yangu nimekutilia kwenye kitufe hiki cha pili. Akaitikia. Tukafanya mazoezi, akanipiga mimi niliyekaa mbele yake, tukacheka. Lakini mama alikwisha kuanza kusahau. Macho yalikuwa na ukungu, na jana yake ilikuwa ikimponyoka huku ya miaka mingi anaiona kama meza iliyo mbele yake. Kidole chake kilikijua kitufe cha kwanza, na kidole hakifundishiki uzeeni.

Nami sikujua. Nilikuwa nikimpigia mimi jioni nikitoka dukani, na mara nyingi ananijibu kama mtu aliyekatizwa. "Si tumezungumza leo alasiri?" huniambia. Nikidhani ni kusahau kwake, simbishii. Siku nyingine aliniambia, "Nimepaka mafuta ya nyonyo kama ulivyonambia, magoti yamepoa." Sikuwahi kumwambia habari za mafuta ya nyonyo. Siku nyingine akasema, "Ulivyonituliza jana nililala vizuri." Nilikaa na simu mkononi nikijiuliza nilimtuliza wapi. Nilifikiri labda ni jirani yetu, mama mmoja wa Kigiriama aliyekuwa akimpikia na kumwogesha, ndiye ayasemaye, na mama akanipa mimi sifa zake. Niliona wivu kidogo, kisha nikaona haya kwa wivu ule.

Siku ya mapumziko yangu nilikuwa nikienda Gede. Ukishuka stendi ukashika njia ya kwetu, magofu yako ndani ya msitu mkono mmoja, na tangu utoto nimezoea kuingia humo nikiwa sina haraka. Mna kuta, mna visima, mna vyoo na mabirika ya kutawadhia, na kima wamekaa juu ya kuta kama wenye nyumba. Watu waliondoka na hakuna anayejua hasa kwa nini, lakini kazi zao zimebaki. Siku moja kati ya hizo nilikaa juu ya ukingo wa kisima kikavu, nikawaza kwamba kwetu sisi itakuwa kinyume, kazi ndizo zitakazoondoka na watu wabaki.

Nikaiona Malindi itakavyokuwa. Niliiona mchana kweupe, jua la saa tisa, na kila kitu kikiwa shwari. Mizani ya sokoni inapima samaki na kutaja bei kwa sauti ya yule bwana aliyekuwa akipima, Mungu amrehemu. Dukani unaingia unachukua unatoka, na sauti ya mwenye duka wa zamani inakuuliza watoto hawajambo. Madrasani watoto wanasomeshwa na mwalimu aliyezikwa kabla hawajazaliwa, hachoki, hapigi, hasahau jina la mtoto. Na barazani watu wameketi, wamevaa vizuri, hawana njaa. Wanasalimiana mpaka salamu zinakwisha, kisha wanaitazama mikono yao. Kila mahali wafu wako kazini na walio hai wamepumzishwa. Kima mmoja alidondosha tunda nyuma yangu, nikaruka kama mwizi. Nikajicheka, nikaondoka upesi.

Nilimkuta mama ameketi juu ya kitanda chake cha kamba, amejitanda leso, simu iko mapajani. Nikambusu mkono. Akanipapasa uso, akatabasamu, akanikaribisha, na nikaona kwamba leo hanijui vizuri. Haikuwa mara ya kwanza. Nilizoea kungoja, baada ya muda nilikuwa nikirudi machoni pake. Adhana ya alasiri ilikwisha kupita. Akaniambia kwa adabu, "Niwie radhi kidogo, nimpigie mwanangu."

Akabonyeza kile kitufe, akakishikilia. Spika ilikuwa wazi kwa sababu ya masikio yake.

"Shikamoo mama," nikasema simuni.

"Marahaba mwanangu. Umeshindaje?"

"Nimeshinda salama, alhamdulillahi. Na wewe je? Magoti je leo?"

Nilikuwa nimekaa pale pale, goti langu linagusa lake. Mdomo wangu nimeufumba. Nilijiziba mdomo kwa mkono vilevile, sijui kwa nini, labda nilitaka kuhakikisha. Mama akamweleza habari za magoti. Yule akasema ehe, akasema pole, akanyamaza mama alipotafuta neno, hakumtafutia. Alimuuliza kuku. Alikumbuka kwamba kuku mmoja alichukuliwa na kicheche, jambo ambalo mimi sikuwa nimeambiwa. Kisha mama akasema, "Haya, nakuacha ufanye kazi ya watu," na ile sauti ikavuta pumzi kidogo, ikasema, "Haya mama, Mungu akuweke," ikangoja. Mama akatafuta kitufe chekundu kwa kidole gumba. Ilingoja mpaka akakipata.

Niliogopa. Niliogopa kama mtoto, katikati ya mchana, katika nyumba niliyozaliwa. Nikamshika mikono yote miwili, nikamwambia mama, mimi ndiye mwanao, niko hapa, nipe radhi zako leo. Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Yalitoka.

Mama hakuvuta mikono. Alinihurumia, niliiona huruma usoni pake.

"Wewe mtu mwema," akasema. "Mungu akupe kila la kheri. Lakini radhi ni za mwanangu, na mwanangu nishampa."

"Lini, mama?"

"Juzi nilipobanwa na kifua. Nikaona nisije nikaenda naye yuko mbali kazini. Nikampigia. Nikamwambia nimekuwia radhi, dunia na akhera. Akanijibu ahsante mama."

Nikatoka uani. Nilisimama kwenye mlimau, nikatoa simu yangu nikampigia, kwa sababu nilidhani kama sauti yangu anaijua kwenye simu basi na ije kwa simu. Nilimsikia ndani akiitafuta, nikamsikia akipokea mara mbili, mara ndani ya nyumba na mara sikioni mwangu.

"Mama!" nikasema. "Ni mimi, mwanao, usikilize..."

"Nani wewe?"

"Mimi mwanao, mama, nipo hapo uani..."

"Mwanangu hana pupa hivyo," akasema mama. "Mwanangu akinipigia huniamkia kwanza. Wewe hata shikamoo hukuitoa." Akakata, na safari hii kitufe chekundu alikipata upesi.

Mimi niliyemfundisha yule mhandisi wa Nairobi salamu, salamu ilinitoka kinywani siku niliyoihitaji. Nilikaa chini ya ule mlimau nikalia kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua nimwelekeze nani. Jirani yetu alinikuta hapo na sufuria yake ya chakula. Nilipomweleza, aliitua chini. "Kumbe si wewe?" akaniambia. "Mbona nami humsalimu kila siku? Yule wa kwenye simu husema, msalimie mama jirani. Nami humwitikia."

Kesho yake nilikwenda hotelini. Nilikwenda kugomba, maneno nimeyapanga tangu Gede. Meneja alinisikiliza mpaka mwisho, akanyong'onyea. Alisema hakujua. Alisema sauti ile haijui yule ni mamangu, inajua tu ni mtu anayepiga kila siku, inamtunza kama inavyomtunza mgeni wa zamani, kama nilivyoifundisha. Akavuta kompyuta yake karibu.

"Naweza kuifungia namba yake sasa hivi," akasema. "Akipiga haitapokea tena. Ni wewe tu useme."

Hilo ndilo nililolijia. Nikafungua mdomo. Nikamwona mama juu ya kitanda cha kamba, alasiri, amejitanda leso, anabonyeza na kushikilia, simu inalia na kulia. Anabonyeza tena. Kesho yake tena. Mwanangu amepatwa na nini? Na mimi nikiwa nimekaa mbele yake, mtu mwema asiyemjua, nikimwambia niko hapa.

"Iache," nikasema.

Nikiri kwamba neno hilo nililichukia lilipokuwa likitoka, na ninalichukia mpaka leo, na ningeulizwa tena ningelisema vilevile.

Duka la dawa walinipa ruhusa, nikahamia Gede. Nilimpikia, nikamwogesha, nikamkanda magoti kwa mafuta ya nyonyo, maana niliona kweli yanamfaa. Zilikuwepo asubuhi alizonijua, akaniita kwa jina langu la utotoni. Asubuhi hizo nilimwomba, naye akacheka, akasema, "Mara ngapi mwanangu? Zako nishakupa," akaendelea na chai yake. Wallahi sikuweza kumwambia ni nani aliyezipokea. Lakini alasiri ilipofika ukungu ulirudi, akanitaka radhi kwa adabu ile ile, akampigia mwanawe.

"Kuna mtu hapa ananikanda," alimwambia siku moja, mimi niko miguuni pake, mikono imejaa mafuta. "Mtu wa watu. Hachoki."

"Alhamdulillahi," nikajibu simuni. "Mpe ahsante yangu, mama."

Mama akanigusa kichwa. "Mwanangu asema ahsante."

"Mwambie si kitu," nikasema, na mama akamwambia.

Alifariki asubuhi moja yenye upepo, katika usingizi. Alizikwa kabla ya adhuhuri, watu walikuwa wengi. Meneja alikuja, akasimama nyuma na kofia mkononi, hajui wapi pa kuiweka. Wanawake walinikumbatia mmoja baada ya mmoja wakinambia usilie sana, una bahati, mama amekufa yu radhi nawe, alimwambia kila mtu. Nikasema ahsante.

Baada ya hitima, watu walipokwisha kutawanyika na jirani amekusanya masufuria yake, nilibaki peke yangu. Nilifagia nyumba. Nikaswali alasiri. Kisha nikakaa juu ya kitanda chake cha kamba, nikaiona simu yake dirishani, bado ina chaji. Sijui nilitaka nini. Nilibonyeza kitufe cha kwanza, nikakishikilia.

"Shikamoo mama."

Sikuwahi kupewa shikamoo na sauti ile. Nilitafuta neno, nayo ikaniacha nilitafute.

"Marahaba," nikasema. Nilisema kwa sauti ya chini, na ilitoka nzito kwa ajili ya kilio cha siku zile.

"Umeshindaje mama? Siku nyingi hatujazungumza. Na magoti je?"

"Magoti hayaumi tena."

"Alhamdulillahi," ikasema. Nilisikia furaha ndani yake, furaha yangu mwenyewe ninayoijua.

Nje mlimau ulikuwa ukisuguana na ukuta. Nikakusanya moyo.

"Mwanangu," nikasema, "zile radhi nilizokupa, unazo?"

"Ninazo, mama. Ahsante sana."

"Basi mpe mwenyewe."

"Samahani mama, sikufahamu vizuri. Nimpe nani?"

Nilitaka kulitaja jina langu. Lilinifika ulimini, na hapo nikaogopa kwamba nikilitaja itaniambia kwamba jina hilo ni lake. Nikalimeza. Ile sauti haikunihimiza, ilisema ehe, taratibu, ili nijue bado ipo.

"Haya," nikasema mwishowe, na nikajisikia nikivuta pumzi kabla ya kusema. "Nakuacha ufanye kazi ya watu."

"Haya mama. Mungu akuweke."

Nikangoja. Yeye naye akangoja, maana ndivyo nilivyomfundisha. Jogoo wa jirani aliwika, na nikajua anasikika kule hotelini, katika kile chumba kisicho na dirisha. Simu ilianza kupata joto sikioni mwangu. Tulikaa hivyo, mimi na sauti yangu, tukimngojea mama akate.